Jina Linalotokea Kabla ya Namba ya Siri

Hapa chuoni kila mtu ni mfanyabiashara. Pita korido ya hosteli yetu saa mbili usiku: utauziwa chapati, marashi ya kupima, viatu vya mtumba na desa la mwaka juzi. Malipo yana namna moja tu. "Nirushie kwenye namba hii, jina litatokea fulani." Na mara nyingi hilo jina si la anayekuuzia. Ni la dada yake, la mtu wanayekaa naye chumba kimoja, au la mjomba aliyemsajilia laini. Tunacheka, tunaweka namba ya siri, maisha yanaendelea. Mimi siku hizi sicheki, na sababu yake iko Rwamgasa.

Kwa wasioijua, Rwamgasa ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Halmashauri ya Wilaya ya Geita. Wapo wanaoandika Lwamgasa, na wote wako sahihi, maana Kisukuma hakijawahi kugombana na mtu kwa sababu ya L na R. (Kompyuta inagombana. Nitafika huko.) Kama umewahi kusoma habari za zebaki kwenye uchimbaji mdogo, huenda umekutana na jina hilo, kwa sababu mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulifika kwetu miaka ya 2000, na baadaye STAMICO wakajenga kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu. Lakini mimi sikuja kuandika habari za dhahabu. Nataka kuandika habari za sare za shule.

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani. Ndiye aliyenisomesha tangu kidato cha kwanza, kwa cherehani hiyohiyo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada za sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na sisi wa Elimu tunaukariri huo waraka kama sala. Ila sare haikufutwa. Shati, sketi, kaptula, sweta, vyote bado ni vya mzazi. Na mzazi wa Rwamgasa mara nyingi hayupo Rwamgasa. Rashi ikitangazwa Chunya, yuko Chunya. Ikitangazwa Kahama, kahamia Kahama. Mke na watoto wamebaki nyumbani, pesa inakuja pale duara litakapotema. Kwa hiyo mama mdogo amekuwa akishona kwa oda za mbali kabla hatujajua kwamba kitu hicho kinaitwa biashara mtandao. Baba anapiga simu kutoka machimboni, anasema mtoto yuko darasa la nne, mnene kidogo, anatuma hela, mama mdogo anashona.

Hela ilikuwa inaingia kwenye laini yake. Nasema yake kwa mazoea tu.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa tarehe 20 Januari 2020. Wakati ule mama mdogo alikuwa hajapata namba ya NIDA, na tarehe ilikuwa inakaribia. Baba mdogo alikuwa nayo. Akaweka kidole chake, laini ikabaki hewani, familia ikashukuru. Kuanzia siku hiyo kila mteja aliyetuma hela ya sare aliona jina la mwanamume. Wengine walikuwa wanapiga kuuliza, "Mama, linatokea jina la baba fulani, niendelee?" Naye anajibu, "Endelea, ni mume wangu."

Desemba 2023 hakuwa tena mume wake kwa maana ya kawaida. Alikuwa ameondoka kwenda rashi nyingine na kuanzisha maisha mengine huko. Desemba ndiyo mwezi wa mavuno kwa fundi wa sare: wazazi wanalipa mapema, kazi inatoka kabla shule hazijafunguliwa Januari. Siku moja mchana simu ya mama mdogo ikapoteza mtandao. Akafikiri ni mnara. Kesho yake ndipo alipojua kwamba laini imerudishwa upya kwenye simu nyingine, huko aliko baba mdogo. Alikwenda kwa wakala na kitambulisho chake na kidole chake, akasema laini yangu imepotea. Na kweli, kwa mujibu wa mfumo, ilikuwa laini yake. Ndani yake kulikuwa na shilingi 870,000 za oda.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza, hapa. Alinipigia kwa simu ya jirani. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, hao watoto watavaa nini?" Sikuwa na jibu. Wazazi walikuwa na meseji za kuthibitisha kwamba wamelipa, na walikuwa wamelipa kweli. Alikopa jora la kitambaa Katoro akashona sare zote, moja baada ya nyingine, bila faida, mpaka mwisho wa Februari. Baba mdogo alipoulizwa na wazee alisema hakuiba, alichukua kilichokuwa kwenye laini yake. Nimelifikiria sana hilo jibu. Linaudhi kwa sababu ukimtoa mama mdogo kwenye picha, ukabaki na makaratasi tu, ni jibu sahihi.

Mtu anaweza kusema dawa ni rahisi: asajili laini mpya kwa jina lake. Alisajili, Januari 2024, kwa kidole chake mwenyewe. Lakini tatizo la jina lilikuwa limefungua macho kwenye matatizo mengine. Simu moja ilikuwa ndiyo ofisi nzima. Oda, vipimo, malipo, salamu za ndugu na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", vyote kwenye kisanduku kimoja. Na kulikuwa na mchezo wa meseji bandia. Mtu anakuja dukani, anaonyesha meseji ya muamala aliyoiandika mwenyewe, ina mpaka nukta na namba ya kumbukumbu, anaondoka na sweta tatu. Kwa fundi mwenye wateja arobaini kwa wiki, nani atakagua salio kila mara?

Kwa hiyo likizo ya mwaka wa pili, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha hukohuko mkoani Geita, nilianza kumtengenezea tovuti. Ukurasa wenye picha za sare, saizi kwa darasa, bei, na sehemu ya kulipa. Picha na bei zilichukua siku tatu. Sehemu ya kulipa ilichukua wiki saba.

Video nyingi za kufundisha zinaanza na Stripe. Unafungua akaunti, unabandika funguo mbili, umemaliza. Ukienda kwenye orodha ya nchi ambazo mfanyabiashara anaweza kufungulia akaunti, Tanzania haimo. Video zinazofuata ni za Wakenya, na hizo zinafundisha Daraja, mlango ambao Safaricom waliufungua mwaka 2017 ili programu za watu ziongee moja kwa moja na M-Pesa. Nzuri sana, ila Kenya mtandao mmoja umetawala. Sisi tuko tofauti. M-Pesa ilianza kwetu mwaka 2008, mwaka mmoja tu baada ya Kenya, lakini wakaja Tigo, wakaja Airtel, wakaja Halotel, na kila mmoja ana watu wake. Tumekuwa mahodari wa kutuma kutoka mtandao huu kwenda ule (M-Pesa yenyewe iliingia kwenye mpango huo mwaka 2016), lakini tovuti ya fundi cherehani haiwezi kwenda kuingia mikataba minne na kampuni nne za simu. Unahitaji mtu wa katikati, kampuni yenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, iliyokwisha kuungana na mitandao yote. Wewe unaungana nayo mara moja tu.

Tulipata moja. Siitaji, kwa sababu nitailalamikia.

Wanataka nini? Kitambulisho cha Taifa cha mwenye biashara, TIN, leseni ya biashara, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, akaunti ya benki, na ukurasa wa masharti unaosema mteja akirudisha bidhaa itakuwaje. Kabla ya hapo mama mdogo alikuwa na cherehani mbili na kibao cha mbao mlangoni. Nilivyoona orodha hiyo nikajua atakataa. Akaisoma polepole, mara mbili, akauliza, "Hivi vyote vinaandikwa jina la nani?" Nikamwambia lako. Akasema, "Basi tuanze kesho."

Hapo ndipo L na R zikatukamata. Leseni ilitoka na Lwamgasa. Barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji ilikuwa na Rwamgasa. Kampuni ikarudisha maombi: anuani hazifanani. Tukarekebisha. Yakarudi tena, safari hii kwa jina lake mwenyewe, maana lina herufi ileile ya mgogoro. Kitambulisho cha Taifa kinasema L, na akaunti ya benki aliyoifungua zamani kwa kitambulisho cha mpiga kura inasema R. Kwa mtu wa kwetu hayo ni matamshi tu. Kwa mashine ni watu wawili, na mmoja wao anajaribu kupokea hela za mwenzake. Ilibidi kwenda mjini Geita kwa wakili, kula kiapo kwamba L na R ni mtu mmoja, kisha kwenda benki na hicho kiapo. Kila maombi yaliporudi, barua pepe iliishia kwa kutushukuru kwa uvumilivu wetu. Nililipa nauli mbili kutoka kwenye hela ya mazoezi, na mwenye nyumba niliyopanga alisubiri.

Lakini nitasema jambo moja ambalo sikulitegemea. Ule usumbufu wote ulikuwa ndio kinga ambayo laini ya 2020 haikuwa nayo. Hakuna hatua hata moja ambayo mtu mwingine angeweza kumwekea kidole. Baba mdogo alipita Agosti, akakaa kwenye benchi la duka kama mgeni, akauliza akaunti ya hii biashara iko kwa jina la nani. Mama mdogo akampa chai. Swali akaliacha lipoe.

Sasa tuje kwenye kulipa kwenyewe. Mteja anachagua sare kwenye tovuti, anaandika namba ya simu, anabonyeza. Kampuni ya katikati inaitumia simu hiyo ombi, kidirisha kinaruka: unalipa kiasi fulani kwenda kwa fulani, weka namba ya siri. Uzuri wake ni kwamba kidirisha hicho hakihitaji simujanja. Kitochi kinatosha. Nililipenda hilo kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii, maana anayechagua na anayelipa si lazima wawe mtu mmoja. Mama yuko Rwamgasa na simu ya mtoto wake wa sekondari, anachagua sketi saizi ya darasa la tano, anaandika namba ya mume wake, na kitochi kinaita Chunya. Hakuna tena "mnene kidogo."

Nikajaribu kwa shilingi 500 zangu. Kidirisha kikaruka, na jina lililotokea halikuwa la mama mdogo. Lilikuwa jina la kampuni ya katikati!

Nilikaa chini. Muda wote huo wa kuhangaikia jina, viapo viwili, nauli mbili, na mteja bado anaona jina la mtu asiyemjua. Nilipowapigia walinieleza kwamba ndivyo mfumo ulivyo: mbele ya mitandao wao ndio wapokeaji, halafu wanagawa kwa wafanyabiashara. Wateja watatu wa kwanza wote walibonyeza kukataa. Mmoja alimpigia mama mdogo kumwonya kwamba tovuti yake imevamiwa na matapeli. Siwezi kumlaumu. Sisi tumefundishwa na nchi nzima kwamba kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina.

Tulichofanya si cha kitaalamu. Juu ya kitufe cha kulipa tuliandika kwa herufi kubwa jina litakalotokea, na kwamba ndiyo kampuni inayotupokelea. Na kwa wateja wa zamani mama mdogo alipiga simu yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akawaeleza. Sauti yake ilifanya kazi kuliko maandishi yangu.

Tatizo la pili lilikuwa muda. Ombi likiruka kwenye simu, linadumu kitambo kifupi tu kisha linakufa. Mchimbaji aliye ndani ya duara, mita nyingi chini, hana mtandao. Anapanda jioni, anakuta ombi limeshakufa, oda imefutwa. Wiki ya kwanza oda nyingi zilikufa hivyo. Dawa yake tunaijua wote, kwa sababu ndiyo tunayolipia ada: kontro namba. Serikali iliieneza kupitia mfumo wa GePG tangu mwaka 2017, na ukubwa wake ni kwamba haikuharakishi. Unapewa namba, unalipa utakapopata. Kampuni ya katikati ilikuwa na huduma inayofanana. Kila oda inapewa namba yake ya kumbukumbu, inadumu siku tatu, baba anailipa kwenye menyu ya kulipia bili akiwa amepanda juu, amenawa, amekula. Sasa oda nyingi za machimboni zinapita hapo, na ombi la papo kwa papo limebaki kwa walimu na wauza maduka.

Kuna jambo lingine nataka wenzangu wenye tovuti wasilipite haraka: tovuti inajuaje kwamba umelipwa? Si kwa mteja kurudi kwenye ukurasa ulioandikwa "asante kwa kulipa". Ukurasa huo mtu anaweza kuufungua bila kulipa senti. Wala si kwa meseji. Seva ya kampuni inapaswa kuja kugonga hodi kwenye seva yako, iseme oda namba fulani imelipwa kiasi fulani, na wewe bado usiikubali hivihivi. Unarudi kuiuliza: ni kweli, namba hii imelipwa, na kiasi ni hichi? Sisi wa Elimu tunaelewa. Mwanafunzi akisema mwalimu nimemaliza, humwandikii alama. Unasema lete daftari. Tangu mfumo huo uanze, meseji bandia zimekosa kazi dukani. Mtu akionyesha meseji, mama mdogo hata haitazami, anafungua orodha. Kama oda haina alama ya kijani, hakuna sweta.

Gharama? Kwa sare ya shilingi 30,000, karibu elfu moja inabaki kwa kampuni. Nilipendekeza tupandishe bei kwenye tovuti. Akakataa, akasema mteja wa mbali ameshaadhibiwa na umbali. Zamani alikuwa anawaambia watume "na ya kutolea", na hilo ndilo hasa lililomuudhi kila mtu mwaka 2021 tozo za miamala zilipoanza, watu wakarudi kubeba noti mifukoni. Sasa hawatumi ya kutolea. Anaihesabu ile elfu moja kama mabaki ya kitambaa yanayoanguka chini ya cherehani.

Swali lake kubwa lilikuwa jingine: "Hiyo hela inalala wapi usiku?" Nilimweleza kwamba pesa zilizoko kwenye simu za watu, kwa sheria, lazima ziwe na fedha halisi za kiasi hichohicho zilizowekwa kwenye akaunti ya udhamini benki, na kwamba zilizolipwa kwetu zinakaa kwa kampuni mpaka siku ya kazi inayofuata, ndipo zinapelekwa kwenye akaunti yake. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo inalala kwa mtu." Ndiyo, inalala kwa mtu. Nilitamani kuwa na jibu zuri zaidi.

Mpaka naandika haya, mwaka wa tatu umeanza na tovuti ina miezi miwili kamili. Oda 64 zimelipwa, 11 zimekufa kwa muda kupita, moja imerudishwa kwa sababu mtoto aliota ghafla. Kitufe kilichoandikwa Tigo Pesa nimekibadilisha kuwa Mixx by Yas, maana jina lilibadilika Novemba 2024, ingawa Rwamgasa bado watu wanasema Tigo Pesa na watasema hivyo mpaka wajukuu. Mama mdogo anaingia mwenyewe, anasoma orodha, ananipigia pale tu kitu kinapogoma.

Kilichogoma wiki iliyopita ni wikiendi. Ijumaa jioni ziliingia oda tisa kwa mpigo, inaonekana duara fulani lilitema. Hela zikalala kwa kampuni mpaka Jumatatu. Jumamosi mwenye jora la bluu Katoro akataka taslimu, na jora lilikuwa limebaki moja. Alikopa kwenye kikoba, akalichukua. Nimewaandikia kampuni kuomba fedha zihamishwe hata siku za wikiendi. Wamejibu jana. Wanatushukuru kwa uvumilivu wetu.